Jiko la Spiriti kwa Msafiri wa Miguu

Uwanda wa juu wa Makonde ni nchi ya ajabu. Mvua hunyesha, miti husitawi, mikorosho huzaa sana, na hata hivyo mtu aweza kutembea tangu asubuhi hata jioni asivuke kijito kimoja. Sababu yake ni udongo. Ardhi ya juu ina mchanga mwingi, nayo maji ya mvua hayakai juu yake. Huzama chini sana, yakapita katika mchanga kama yapitavyo katika chujio, kisha hutokea kuwa chemchemi mbali, chini ya mteremko, pale uwanda unapokwisha. Tangu zamani watu wakaao juu waliteremka bondeni kuteka maji, wakapanda tena na mitungi vichwani. Mtaalamu mmoja Mjerumani, Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka wa 1906 ili kujifunza desturi za wenyeji, aliandika habari za taabu hiyo. Katika miaka ya 1950 maji yakaanza kupandishwa kwa mashine na kugawanywa kwa mabomba. Tena watu wengi huchimba mabirika chini ya ardhi, wakayajaza maji ya mvua yatokayo katika mapaa ya bati. Lakini hata leo, mwisho wa kiangazi, debe la maji juu ya uwanda si kitu cha kumwagwa ovyo.

Masasi yenyewe haiko juu ya uwanda. Mji huo uko chini, upande wa magharibi, kati ya majabali makubwa yasimamayo peke yake katika nchi tambarare. Newala iko juu, ukingoni kabisa, zaidi ya mita 700 juu ya bahari. Mtu akisimama mahali paitwapo Shimo la Mungu huona nchi ikianguka ghafula mbele ya miguu yake, na mbali huona bonde la mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto nchi ya Msumbiji. Kutoka Masasi mpaka Newala kwa barabara ni kiasi cha kilomita 70, na gari hufika kwa muda mfupi. Walakini wako watu waendao kwa miguu kwa kusudi: vijana wa Skauti, wapimaji wa ardhi, watu wanaojifunza mimea na ndege, na wageni wapendao kuiona nchi polepole. Mtu wa namna hiyo hulala njiani usiku mmoja au zaidi, na kila kitu anachohitaji hukichukua mgongoni mwake katika shanta.

Safari za zamani hazikuwa hivyo. Askofu Edward Steere alipotoka Lindi mwaka wa 1876 pamoja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakaja kufanya makao Masasi, mizigo yote ilichukuliwa na watu vichwani na mabegani. Katika misafara ya siku zile mzigo wa mpagazi mmoja mara nyingi ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi. Kiongozi wa msafara hakuwa na haja ya kupima uzito wa birika lake, wala wa taa, wala wa kiti cha kukunja, maana hakuvichukua yeye. Mtu achukuaye mzigo wake mwenyewe hujifunza hesabu nyingine. Kwanza hana budi kuweka maji, na lita moja ya maji ni kilo moja. Mtu mmoja juu ya uwanda wa Makonde asiweke chini ya lita nne kwa siku. Kisha huweka chakula, blanketi, na nguo ya mvua. Hapo shanta limekwisha kuwa zito, na moto wa kupikia bado haujatajwa.

Moto wa kuni ndio mkongwe kuliko yote, nao haununuliwi. Mafiga matatu, kuni kavu, kibiriti kimoja, basi. Mahali penye kuni nyingi, na ardhi tupu isiyo na majani, hakuna sababu ya kuutafuta mwingine. Lakini safarini mambo hayawi hivyo siku zote. Wakati wa masika kuni huwa mbichi na moshi wake hutoa machozi pasipo kuchemsha kitu. Karibu na vijiji kuni zimekwisha okotwa na wenyewe, nao huzihitaji kuliko mpita njia. Na wakati wa kiangazi, chini ya mikorosho, majani makavu hulala kama mkeka. Cheche moja ikichukuliwa na upepo yaweza kuteketeza shamba ambalo mtu amelitunza miaka ishirini.

Kwa sababu hizo wasafiri wengi wa siku za wazee walichukua jiko la pampu. Jiko hilo lilibuniwa Stockholm, katika nchi ya Uswidi, na Frans Wilhelm Lindqvist, likaanza kuuzwa mwaka wa 1892 kwa jina la Primus. Sifa yake ilienea dunia nzima. Roald Amundsen na wenzake walipofika ncha ya kusini ya dunia mwezi wa Desemba mwaka wa 1911, waliyeyusha theluji kwa majiko ya namna hiyo. Mafuta ya taa husukumwa kwa pampu, yakapanda katika bomba la shaba lenye moto, yakageuka kuwa mvuke, na mvuke huo hutoka kwa nguvu katika tundu dogo na kuwaka kwa mlio. Lakini jiko hilo haliwaki likiwa baridi. Kwanza sharti bomba lipashwe moto, na kwa ajili hiyo pana kikombe kidogo chini ya kichwa chake, ambacho mpishi hukitia spiriti kidogo na kuiwasha. Spiriti ikikaribia kwisha, bomba limepata moto, ndipo hupiga pampu.

Jiko la spiriti ni kile kikombe kidogo kilichoachwa kifanye kazi yote peke yake. Halina pampu, wala bomba, wala kitu cha kuziba au kuvunjika. Kopo moja dogo lisilozidi uzito wa barua chache latosha kumchemshia mtu chai.

Ili kuelewa jinsi linavyofanya kazi yafaa kujua spiriti ni kitu gani. Ni alkoholi, ile ile inayotokea sharubati tamu inapochacha, ila imetengwa na maji kwa kuchemshwa na kukusanywa mvuke wake. Maji huchemka kwa digrii 100, lakini alkoholi huchemka kwa digrii 78 tu. Kwa hiyo katika chungu kimoja alkoholi hutangulia kupanda, na maji mengi hubaki nyuma. Tena kiwakacho si spiriti yenyewe iliyo majimaji, bali ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Mafuta ya taa yakimwagwa katika kisahani hayashiki moto upesi kwa kijiti cha kibiriti, maana hayatoi mvuke wa kutosha mpaka yapate joto au yavutwe na utambi. Spiriti hutoa mvuke hata wakati wa baridi ya alfajiri ya mwezi wa Juni huko Newala. Kijiti kikikaribia tu, yashika. Jambo hilo ndilo wema wake, na ndilo hatari yake pia.

Jiko jepesi hutengenezwa hivi. Hutafutwa kopo dogo, kama yale ya nyanya ya kusindika yauzwayo katika kila duka, nalo husafishwa vizuri na ncha zake kali kupigwa zilale. Chini kidogo ya mdomo wake hutobolewa kwa msumari safu mbili za matundu kulizunguka kopo lote, kila tundu lenye upana wa penseli. Spiriti humiminwa ndani, kiasi kisichofika kwenye matundu, ikawashwa. Kwa muda mdogo mwali huwaka katikati tu, mrefu na mlegevu. Kisha kopo lenyewe hupata joto, spiriti huanza kuchemka ndani yake, na mvuke huongezeka. Hapo ndipo sufuria huwekwa juu ya mdomo wa kopo, na kwa kuwa mdomo umezibwa, mvuke hauna njia ila matundu ya kando. Miali hutokea humo pande zote, ikakumbatia kitako cha sufuria. Mtu akiwa na haraka akaiweka sufuria mapema, kabla kopo halijapata moto, mwali hufa. Nusu dakika ya kungoja ndiyo siri yote.

Viwanda navyo hutengeneza majiko ya spiriti yaliyo imara zaidi. Lijulikanalo sana ni la kiwanda cha Trangia, cha Uswidi vilevile, ambacho mwaka wa 1951 kilitoa jiko lililo pamoja na sufuria zake na kinga ya upepo. Kikombe chake kina kuta mbili, moja ndani ya nyingine, na spiriti hupanda kati yake. Joto la mwali wa katikati huichemsha spiriti iliyo kati ya kuta, na mvuke wake hutoka katika mzunguko wa matundu madogo juu, ukawaka kama ua. Kikombe hicho kina uzito wa gramu 110, na kikijazwa huwaka kiasi cha dakika 25. Kopo la nyanya halifikii hata robo ya uzito huo, lakini likikanyagwa limekwisha. Kila mtu na achague.

Kopo dogo lina ila moja kubwa: sufuria pana juu yake husimama kama mtu juu ya mguu mmoja. Wenye akili hulizungushia kopo mawe matatu yanayolingana urefu nalo, ili sufuria ikiyumba iegemee jiwe. Juu ya uwanda wa Makonde mawe ni machache. Vigingi vitatu vya mti mbichi vilivyopigwa ardhini hufanya kazi hiyo hiyo. Chai iliyomwagika ni maji yaliyobebwa mgongoni tangu asubuhi, na huko juu hakuna mto wa kuchota mengine.

Kisha kuna upepo. Mwali wa spiriti ni dhaifu, hauna mlio wala msukumo kama ule wa jiko la pampu, na upepo wa kusi upigao ukingoni mwa Newala waweza kuusukuma kando usiiguse sufuria kabisa. Mpishi atasema spiriti yake ni mbovu, kumbe joto lote limekwenda kuwapasha ndege. Dawa yake ni kipande cha bati jembamba kilichozungushwa pande zote, kikipita kimo cha jiko na kufika nusu ya sufuria, chenye matundu machache chini ili hewa iingie. Kati ya bati na sufuria pabaki nafasi ya upana wa kidole. Sufuria nayo ifunikwe. Kwa kinga na kifuniko, nusu lita ya maji huchemka kwa vijiko viwili vikubwa vya spiriti, nayo huchukua kiasi cha dakika saba au nane. Pasipo kinga, siku ya upepo, vijiko vinne vyaweza kwisha na maji yasichemke.

Sasa yafaa kusema habari za hatari, wala si kwa maneno machache, kwa sababu watu wengi wameungua vibaya kwa kutojua jambo moja. Mwali wa spiriti safi ni wa rangi ya samawati hafifu, hauna moshi, wala masizi. Usiku waonekana vizuri. Mchana, juani, hauonekani. Mtu hutazama jiko, haoni moto, husikia sufuria imenyamaza, naye hudhani spiriti imekwisha. Huchukua chupa ili aongeze. Lakini moto ungaliko, na mvuke utokao mdomoni mwa chupa hushika. Mwali hukimbia ndani ya chupa kwa kufumba na kufumbua, na spiriti iliyomo hutupwa nje ikiwaka, imwangukie yeye au yule aliyeketi mbele yake. Mara nyingi aungulaye zaidi ni huyo wa mbele, ambaye hakugusa kitu.

Kwa hiyo spiriti haiongezwi kamwe katika jiko linalowaka, wala katika jiko lililozimika sasa hivi ambalo bati lake lingali moto. Mpishi hulishikia juu unyasi mkavu uliowekwa kwenye ncha ya kijiti kirefu; ukiungua, moto upo. Ikiwa haukuungua, bado hungoja mpaka kopo lipoe kabisa na mkono uweze kuligusa. Kisha hupima spiriti katika kikombe kidogo, huifunga chupa na kuiweka mbali, hatua tano au sita upande utokako upepo, ndipo humimina kutoka katika kikombe. Desturi hii huchelewesha chai kwa dakika chache tu. Vilevile ifanywe kwa vitakasa mikono vile vilivyoenea sana mwaka wa 2020 wakati wa ugonjwa wa Korona, maana vingi vyake ni alkoholi. Mtu aliyejipaka asishike kibiriti mpaka mikono yake ikauke.

Kulizima jiko, hufunikwa kwa kopo kubwa kuliko lenyewe, hewa ikakosa njia. Kupuliza kwa mdomo hutawanya spiriti. Maji nayo yana habari yake. Mafuta ya taa yanayowaka yakimwagiwa maji huelea juu yake na moto huenea. Spiriti huchanganyika na maji, na maji yakiwa mengi moto hufa kwa kuwa spiriti imekuwa hafifu. Lakini maji machache hayatoshi, na juu ya uwanda maji ni machache. Kifuniko ndicho kilicho bora. Kabla ya kuwasha, mahali pa jiko hufagiliwa majani makavu kwa upana wa hatua mbili kila upande hata mchanga uonekane. Mchanga huo ni mwingi, nao ni rafiki: ukimwagwa juu ya spiriti iliyomwagika huuzuia moto usitambae.

Mtu akishikwa na moto nguoni, asikimbie, kwa sababu mbio huuchochea. Alale chini ajiviringishe, au wenzake wamfunike kwa blanketi. Mahali palipoungua pamiminiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, wala pasipakwe mafuta, wala dawa ya meno, wala unga. Hapo maji ya kunywa hayahesabiwi tena. Kisha apelekwe hospitalini.

Jiko la spiriti halichomwi ndani ya hema lililofungwa wala chumba kisicho na dirisha wazi. Moto wowote usiopata hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na mtu aliyelala haiamki. Mvua ikinyesha, hupikwa barazani.

Je, jiko hili ni bora kuliko la pampu? Hapa hesabu husema kuliko sifa. Kilo moja ya mafuta ya taa hutoa joto kama kilo moja na gramu 600 za spiriti. Kwa hiyo wasafiri wawili wanaotumia gramu 150 za spiriti kwa siku, kwa uji wa asubuhi, chai, na chakula cha jioni, wangetumia kiasi cha gramu 95 za mafuta ya taa. Wangeokoa gramu 55 kila siku. Lakini jiko la pampu huzidi kopo la spiriti kwa uzito wa kilo moja hivi. Gramu 1,000 zikigawanywa kwa 55, jawabu ni siku 18 na kitu. Basi kwa safari ya siku tatu, kutoka Masasi hata Newala na kuzungukazunguka ukingoni, jiko la spiriti lashinda kwa mbali. Kwa safari ya mwezi mzima isiyopita dukani, jiko la pampu ndilo jepesi. Wasafiri hao wawili kwa siku tatu huhitaji gramu 450 za spiriti, na kwa kuwa spiriti ni nyepesi kuliko maji, uzito huo hushika kiasi kinachopita nusu lita kidogo. Waongeze theluthi moja kwa ajili ya upepo.

Hesabu hiyo ni ya kuchemsha, si ya kupika vyakula vizito. Maharage yatakayo saa mbili yangekula chupa nzima. Ugali wa watu kumi hausongwi juu ya kopo la nyanya; mwiko wa kwanza ungeliangusha. Msafiri huchukua vitu viivavyo upesi: unga wa uji uliokaangwa kabla, wali uliolowekwa, samaki wakavu wadogo, karanga. Wali waweza kuchemka dakika tano tu, kisha sufuria ikavikwa blanketi kwa nusu saa, ukaiva kwa joto lake wenyewe.

Spiriti ya kuwashia hununuliwa dukani au penye dawa, na namna yake huangaliwa. Ile iliyo na maji mengi huwaka kwa uvivu, kisha huzimika na kuacha maji kopono. Zamani Waingereza walipima nguvu ya pombe kali kwa kulowesha baruti nayo na kuiwasha: baruti ikishika, pombe ilikuwa na nguvu ya kutosha. Ilikuja kujulikana kuwa kipimo hicho ni sawa na sehemu 57 za alkoholi katika 100. Kwa jiko, hata hiyo ni hafifu. Itakiwayo ni sehemu 90 na zaidi.

Tena spiriti ya kuwashia si kinywaji. Viwanda huichanganya na alkoholi ya namna nyingine iitwayo methanoli, ambayo kwa ladha na harufu haitofautiani sana nayo, lakini kiasi kidogo chake huharibu macho mtu akawa kipofu, na kikizidi kidogo huua. Mara nyingi hutiwa pia rangi na kitu kichungu ili mtu aonywe. Kuichuja au kuichemsha hakuiondoi sumu hiyo. Kwa hiyo haiwekwi katika chupa ya soda wala ya maji, hata kwa safari fupi. Mtoto mwenye kiu au mwenzi aliyeamka usiku huinywa asijue. Chupa yake iwe na umbo lisilofanana na nyingine, iandikwe jina pande mbili, na ikae mfuko wa nje wa shanta, mbali na chakula.

Watu wa Masasi na Newala huenda wakauliza kwa nini wanunue spiriti, na hali kila mwaka, tangu Septemba hata Desemba, mabibo huanguka chini ya mikorosho na kuoza kwa wingi usiohesabika. Swali ni la haki. Korosho yenyewe huuzwa ng'ambo, lakini bibo ni laini, halikai siku mbili, na maji yake huchacha upesi yakawa pombe iitwayo uraka. Wengine huichemsha tena kwa siri wakapata gongo. Gongo hilo limekatazwa na sheria ya Tanzania, halina kipimo, na limeua watu. Wala halifai jikoni, maana mara nyingi lina maji mengi mno. Hata hivyo alkoholi iliyomo katika bibo ni alkoholi ile ile iwashayo jiko. Kuipata kwa usafi na kwa nguvu ya sehemu 90 kwataka kiwanda chenye mitambo na wapimaji, kinachoweza kupokea mabibo yote ndani ya siku moja tangu kuanguka, na tena kipate kazi nyingine miezi minane ambayo hakuna mabibo. Ugumu uko hapo, wala si katika tunda.

Limebaki jambo la maji ya kunywa. Chemchemi za chini ya mteremko huonekana safi, lakini wanyama hunywa humo pia, na maji ya birika la mvua hukaa miezi. Maji yakitokota kwa dakika moja, vijidudu viletavyo kuhara hufa. Huko Newala, kwa sababu ya kimo cha nchi, maji hutokota chini kidogo ya digrii 98, na hiyo yatosha. Lakini kuchemsha maji yote ya watu wawili, lita nane kwa siku, kungetumia spiriti maradufu ya ile ya kupikia. Ni afadhali maji ya kunywa njiani yatiwe vidonge vya klorini, kama ilivyoandikwa kwenye pakiti, na spiriti itumiwe kwa uji na chai, ambavyo havina budi kuchemka.

Asubuhi, kabla ya kufunga shanta, kopo hugeuzwa ili kutazama kama kuna spiriti iliyobaki. Ikiwa kopo limepoa, spiriti hiyo hurudishwa chupani kwa karatasi iliyokunjwa mfano wa mrija, na kifuniko hukazwa, kisha chupa hulazwa juu ya mchanga kwa muda kidogo ili kuona kama inavuja. Kopo huwekwa ndani ya sufuria, bati la kuzuia upepo hukunjwa kulizunguka kopo, na sufuria hufungwa kwa kitambaa isilie njiani.